Pixel 8 au Galaxy S24?
Ndugu, umeuliza uchukue simu ya Pixel 8 ya Google au Galaxy S24 ya Samsung. Kama pesa yako inafika kwa yoyote kati ya hizo, mimi ningechukua S24, na sababu kubwa ni kamera. S24 ina lenzi maalumu ya kuvuta mbali mara 3. Pixel 8 haina, inakata picha tu na kuikuza. Umesema unapenda kuwapiga picha wanao wakiwa jukwaani shuleni. Ukikaa viti vya nyuma, tofauti utaiona usoni mwa mtoto: macho na meno yanaonekana, si ukungu.

Kwa betri Pixel ina namba kubwa, mAh (kipimo cha ukubwa wa betri) 4,575 dhidi ya 4,000, lakini usiamue kwa hiyo peke yake. Chipu inavyokula chaji nayo ina neno. S24 ni nyepesi pia, gramu 167 kwa 187. Ukisoma umelala, simu mkono mmoja, hizo 20 utazihisi kwenye kidole kidogo.

Masasisho ya mfumo wa simu wamelingana, miaka 7 tangu simu zilipotoka: Pixel Oktoba 2023, S24 Januari 2024. Hili nalitilia mkazo sana, maana simu yangu ya zamani ilikuwa nzima, kioo hakina hata mkwaruzo, ila programu ya benki ikaikataa kwa sababu mfumo umepitwa na wakati.

Halafu zote hazina nafasi ya kadi ya memori. Kama unarekodi video nyingi, achana na GB 128, chukua 256 moja kwa moja.