Fundi Anajibu: Snokeli Juu, Difu Inakunywa Maji Chini

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la dizeli, fo-wili, nililinunua mkononi kwa mtu. Mwezi uliopita nilivuka mto, maji yakapita kidogo katikati ya tairi, na gari halikuzima wala kukohoa. Juzi nimefungua difu ya nyuma nibadili oili, nikakuta imekuwa kama chai ya maziwa. Rafiki yangu anasema nifunge snokeli, yataisha. Ni kweli? Na kazi hiyo naweza kuifanya mwenyewe? Drili na spana ninazo, ila roho inasita kutoboa madigadi.

JIBU: Marahaba. Rafiki yako ana nia njema, lakini anatibu jino wakati unaumwa tumbo. Snokeli ni pua ya injini, bomba linalopanda hadi karibu na paa ili injini ivute hewa kutoka juu. Maji yako yameingia kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, na difu ina pua yake.

Lala chini ya gari utazame juu ya ganda la ekseli. Utaona kofia ndogo ya chuma, haizidi kifungo cha koti. Hicho ndicho kipumulio. Ukiendesha kwa muda difu inapata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutokea hapo. Halafu unaitumbukiza mtoni ghafla. Hewa iliyokuwa na nyuzi 80 ikishuka hadi 25 hupoteza karibu asilimia 15 ya presha yake, na difu inaanza kufyonza kama mtoto anyonyaye. Kofia ikiwa imeganda kwa tope, difu itafyonza kupitia sili, zile pete za mpira zinazozuia oili. Sili hizo ulimi wake umeelekea ndani, ziliwekwa ili oili isitoke. Maji yanayosukuma kutoka nje haziyawezi. Na kofia ikiwa wazi, maji yanapita hapohapo bila hodi.

Kwa hiyo anza na mipira ya vipumulio. Ni kazi ya asubuhi moja na hutoboi kitu.

Kwanza safisha eneo lote kwa brashi kabla ya kufungua kofia, maana mchanga ukidondokea ndani umejitafutia kazi nyingine. Weka kichuchu, kile kiungo kidogo cha kushikia mpira, chenye nyuzi za skrubu zinazolingana, kisha mpira wa kustahimili oili, upana wa ndani milimita 6 au 8. Usichukue ule wa plastiki unaong'aa. Ukipata joto unakuwa mgumu na kupasuka.

Hapo kwenye kupima mpira ndipo mimi niliaibika. Gari langu la kwanza nililipima likiwa limesimama chini, nikakata mpira ukakaa umenyooka, nikajisifu. Shimo la kwanza njiani ekseli ikashuka, mpira ukachomoka, nami sikujua. Nilivuka maji siku nzima difu ikiwa na tundu wazi, afadhali hata ile kofia ya kiwandani. Sasa napandisha chesisi kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, ndipo napima, na bado naongeza kiganja kimoja.

Mpira upande juu moja kwa moja. Ukiacha tumbo mahali, oili na unyevu vitakusanyika hapo na kuuziba. Uwe mbali na ekzosi, na uishie juu kabisa chini ya boneti, ukutani upande wa dereva au abiria, ukiwa na kichujio kidogo kinachoangalia chini. Difu mbili zinaweza kuunganishwa kwa kiungo cha T. Giaboksi na transfa (ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) naipa kila moja mpira wake, oili zisitembeleane.

Kabla ya hayo yote, mwaga hiyo chai. Jaza oili ya bei rahisi, endesha polepole umbali mfupi, mwaga tena, rudia mpaka itoke safi, ndipo uweke ile ya kudumu. Fungua na difu ya mbele, giaboksi na transfa. Mto haukuchagua difu ya nyuma peke yake.

Sasa snokeli, kama bado unaitaka. Sababu ya kuitaka ipo. Chukua injini ya lita 3.0, silinda 4, mgandamizo wa 18 kwa 1: pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 44. Hivyo ni vijiko vitatu vya supu. Yakiingia maji zaidi ya hapo, hayabanwi kama hewa, na kinachopinda ni konrodi, mkono unaoshika pistoni. Ndiyo maana gari likizima majini, usiguse stata hata kidogo. Livutwe nje, litolewe nozeli au plagi za moto, injini izungushwe kwa mkono.

Kuhusu kutoboa: bandika utepe wa karatasi kwenye madigadi, weka kiolezo, pima mara tatu, kisha fungua boneti na mlango uone kama havigongi. Chungulia nyuma ya bati kama kuna waya. Anza na tundu dogo, ndipo msumeno wa duara wa kufunga kwenye drili. Piga tupa kingo, paka rangi ya msingi na ya juu, iache ikauke. Kutu ikianzia hapo, hutaiona mpaka bati liwe kama chujio.

Wengi wakifika hapa wanafunga bolti na kupiga picha. Lakini urefu wa snokeli ni urefu wa kiungo chake cha chini kinachovuja. Paka silikoni, kaza klempu, kisha angalia chini ya boksi la chujio la hewa: kuna ulimi mdogo wa mpira wa kutolea maji. Uzibe. Mimi niliuona nikadhani ni pambo. Nilipowasha injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma taratibu bila mafuta kukanyagwa, na kuziba mdomo wa snokeli kwa kiganja, iliendelea kuunguruma kana kwamba sipo. Ilitakiwa ihangaike na kuzima ndani ya sekunde chache. Fanya jaribio hilo, ila usikanyage mafuta.

Na kina cha maji kinabaki kile cha mtengenezaji. Ford Ranger, kwa mfano, imeandikiwa milimita 800, na kufunga snokeli hakuhamishi altaneta wala waya.

SWALI: Fundi, kichwa cha snokeli kiangalie mbele au nyuma?

JIBU: Mbele. Mvua isikutishe, vichwa vingi vina matundu ya kumwaga maji kabla hayajateremka. Kigeuze nyuma ukiwa unapita vichakani au unafuata magari yanayotimua vumbi. Baada ya kukigeuza kaza klempu, la sivyo kitageuka chenyewe njiani na utashangaa.