Makabati ya gari yanalegea, niweke bolti nene zaidi?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Hiace ninayoendea kazi ya kutengeneza friji na viyoyozi, hapa mjini mpaka Lushoto. Seremala alinifungia makabati ubavuni. Huu mwezi wa tano tu, bolti zimelegea na kutu imeota kwenye matundu. Nitoboe upya niweke bolti nene? – Msomaji, Chumbageni, Tanga

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usiweke. Kilichochoka hapo ni bati. Bati la ubavuni halifiki milimita 1, nawe umelitundikia kabati lililojaa kompresa. Kwenye kona za kupanda kutoka Mombo, kona hii inalivuta huku, inayofuata inalivuta kule. Chomoa bolti moja utazame: tundu si la duara tena, limerefuka kama kokwa ya tende. Ukilipanua, bati linazidi kupungua.

Uzito wote uukalishe sakafuni, ukuta ushike kabati lisiyumbe tu. Kama ulitoa viti vya nyuma, matundu ya bolti zake bado yapo, na yalitengenezwa kushikilia watu. Funga fremu ya skwea paipu hapo hapo. Pasipo na tundu, weka kwa chini kipande cha chuma bapa cha milimita 3, maana washa ndogo huzama kwenye bati. Ubavuni shika mbavu za bodi, bati tupu liache.

Kabla ya kutoboa sakafu, ingia uvunguni mwa gari uone tangi, nyaya na paipu za breki zinapita wapi. Nilipokuwa najifunza kazi nilitoboa bila kuchungulia, nikapata paipu ya breki. Mwenye gari aliona mafuta yakidondoka kabla hajaondoka. Mpaka leo namshukuru Mungu.

Kutu sasa. Hapa kwetu upepo wa bahari una chumvi, na tundu lisilopakwa rangi halisubiri masika. Ukishatoboa, piga msasa ukingo, paka rangi ya kuzuia kutu, ikauke, kisha tia silikoni ndipo uingize bolti. Zoa chenga zote za chuma, hasa zile za kwenye mikunjo ya sakafu. Ndizo huanza kuota kutu. Na kama kabati ni la alumini na bolti ni za chuma kisichoshika kutu, tenganisha kwa washa za plastiki. Vikigusana penye chumvi, alumini ndiyo inayolika.

Kompresa na mitungi iwe chini kabisa, mitungi isimame wima na kufungwa mkanda. Gari likiwa kilomita 50 kwa saa, likigonga na kusimama ndani ya nusu mita, kifaa cha kilo 20 kinasukuma mbele kama kilo 400, na mbele yake ni mgongo wako.

Tumia nati zenye nailoni ndani. Ukishakaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Ukirudi kutoka Lushoto, mulika tochi: mstari uliokatika unakuonyesha nati iliyozunguka.