Pishi la kale likitaja nafaka, uliza kwanza ni la mwaka gani

Kabla ya safari ya Columbus ya 1492, hakuna mpishi wa Ulaya wala wa Afrika aliyepika mahindi. Yalikuwa kwao Amerika. Kwa sisi wa Mbeya tuliokulia ugali mweupe inashangaza kidogo, lakini mtama na ulezi ndivyo vilivyotangulia huku. Mahindi ni mgeni aliyekaa hadi akapewa ukoo.

Napenda kujaribu mapishi ya kale, na neno linalosumbua kuliko yote ni la Kiingereza, corn, ambalo leo wengi wetu tunalijua kuwa mahindi. Katika Kiingereza cha zamani lilikuwa nafaka yoyote, na Uingereza mara nyingi ni ngano. Waliotafsiri Biblia yetu hawakuteleza: Yakobo anasikia Misri kuna nafaka, basi. Ila kwenye Ezekieli 4:9 wameacha kusemethi, jina la Kiebrania. Hiyo ni ngano ya kale yenye ganda gumu. Usihangaike kuiulizia sokoni Mwanjelwa, nunua ngano nzima.

Na ukishaipata ngano nzima, pika frumenty, chakula cha Waingereza wa karne ya 14. Inyunyizie maji kidogo, itwange kwenye kinu bila papara ili ganda litoke punje zisivunjike, kisha pepeta. Chemsha mpaka punje zipasuke na maji yawe mazito. Ongeza maziwa na zafarani. Kiini cha yai kitie baada ya kuepua, maana kwenye moto mkali kinagandana mabonge. Wenyewe walikula na nyama ya mawindo. Mimi huandaa na mbuzi, na nyumbani kwangu watu wanaita kande tu. Siwalaumu, kazi ya kinu ni ileile.

Mtego mwingine ni millet. Kwenye mapishi ya kale ya Ulaya ni punje ndogo za rangi ya manjano hafifu, wakati vitabu vya Kiingereza kuhusu Afrika hutumia neno hilohilo kwa ulezi, uwele, na pengine hata mtama. Ukitia ulezi kwenye pishi la Ulaya, chakula kitakuwa cheusi na ladha itapotea njia. Mimi hutumia uwele.

Jina likikushinda kabisa, angalia kinachopikwa. Pishi linalotaka mkate uumuke vizuri halizungumzii ulezi wala mtama, hata liandikweje. Weka ngano.