Barua kwa mwanangu: mfuko ukae mapajani

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikia, nikairudia tena usiku watu washalala. Umeuliza, mama nimfungie nini mtoto safari ya Kisumu, vitu visivyo na ngano na visivyompandisha sukari, maana hapa Mombasa hadi Nairobi peke yake ni kama kilomita 480 na mbele yake bado nyengine zaidi ya 300, na vibanda vya njiani vyote ni chapati, mandazi na soda. Sawa, ntakujibu. Lakini kwanza nikuulize mimi, huo mfuko atashika nani? Maana nawajua wewe na mumeo, nyinyi mkisafiri kila kitu buti, nguo buti, maji buti, chakula buti, mtu akiona njaa mpaka gari isimame Mtito Andei watu washuke wapangue mizigo juani. Kwa mtoto wa sukari haiendi hivo. Mfuko ukae mapajani. Mapajani mwa mtu alo macho, sio wewe ambaye ukishapita Mariakani tu ushalala.

Vyakula vyenyewe wavijua, hukosi. Korosho nishaagiza Kilifi, za kukaanga kavu, hazikutiwa sukari wala asali. Njugu pia, lakini zile za maganda yake, sio zile za pakiti zilopakwa unga zikafanya gamba gumu, ule unga mara nyingi ni ngano. Mayai yachemshe alfajiri ile ile, usiyamenye, na uyaweke kwenye kisanduku cha barafu pamoja na chupa za maji ulizogandisha, ili yasishinde na joto. Kuku mkaange bila kumpaka unga, thomu, tangawizi na ndimu basi, na ile sosi ya soya usiitie hata tone, ina ngano ndani na wengi hawajui. Soseji na kebabu za kununua wacha kabisa, hutiwa mkate ndani. Matango, karoti, mapera yasoiva sana, embe mbichi na pilipili maana hilo najua hatolikataa.

Bajia za dengu ntapika mimi kwa mafuta mapya. Nasema mapya kwa sababu juzi umeniambia umemnunulia bajia pale kwa jirani, ati dengu haina ngano. Dengu haina, kweli. Lakini karai ile asubuhi imetoka kukaanga mahamri, mchana sambusa, na viazi karai ule urojo wake ni unga wa ngano huo huo, halafu bajia ya mtoto inatiwa mle mle. Na unga wenyewe wa kupima dukani mwengine huchanganywa. Hata unga wa uji, ukipeleka wimbi na mtama kwa mashine ya kusaga, uliza mbele yako wamesaga nini, maana unga wa uji watu wengine hutia ngano na mashine haioshwi.

Halafu kuna hili la biskuti. Umesema umeziona supamaketi biskuti zilondikwa hazina gluteni, ile protini ya ngano, bei yake kama ya kuku mzima, na ukafurahi. Mwanangu, bila ngano si bila sukari! Wakishatoa ngano hutia unga wa mchele na wanga wa mahindi na sukari juu, na hivo vyapandisha haraka pengine kushinda hata mkate. Ni kama mkate wetu wa sinia, mchele na nazi, ngano hamna hata punje, lakini kipande kimoja cha mkate wa sinia na kile kimashine cha kumpimia chapiga kelele. Vitumbua ni vivo hivo. Muhogo wa kukaanga ni wanga mtupu. Madafu mtayaona njia nzima, watu husema ni maji tu, si maji tu, yana sukari yake. Sisemi asipewe. Nasema apewe kwa hesabu, na sindano ya insulini ijue.

Hapa ndo ndugu zako na mashangazi wanapochanganyikiwa, na nimeshachoka kuwaeleza. Wao wameweka maradhi yote mawili, sukari na siliaki, yaani ule utumbo wake kukataa ngano, kapu moja, "mtoto ana masharti". Hapana. Sukari ni hesabu. Ngano ni marufuku. Kipande cha embe unaweza kukihesabu ukakilipa na insulini, lakini chembe ya chapati hailipiki, ile yaenda kumchubua utumbo hata kama halii na tumbo siku hiyo. Na daktari si alikwambia haya mawili hupenda kuandamana, mwili wenyewe ndo unajigeukia. Kwa hivo anaposema shangazi "mpe kidogo tu haidhuru", kwa sukari pengine, kwa ngano asisikizwe.

Na kuna siku sukari ndo dawa. Hili ndo nnalotaka kukwambia, na ndo maana nimeuliza mfuko atashika nani.

Wewe ile safari husema hukumbuki ila ndovu wekundu wa Tsavo. Mimi nakumbuka kila kitu. Treni ya SGR ilikuwa bado, ile imeanza 2017, sisi tulipanda basi la asubuhi kwenda arusi ya kwa ami yako. Babako alikuwa ashaanza insulini, ile ya kuchanganywa, asubuhi na jioni, na ile ukishajidunga asubuhi basi chakula cha mchana lazima kiwe kwa saa yake, haina subira, kikichelewa sukari yaanguka chini mno. Hesabu yake ilikuwa basi husimama Mtito mchana, atakula pale. Kufika karibu na Maungu, lori limelala kati kati ya barabara. Saa sita ikatukuta pale, saa saba pale pale, madirisha wazi na upepo hamna. Tulipopita Mackinnon Road nlikuwa nishampa mkate na mayai akakataa, wajua babako alivokuwa, hakutaka watu wamuone ana mambo ya wagonjwa, hata ofisini kwake hakuna alojua. Mara namuona jasho lamchuruzika, shati limerowa, mikono yatetemeka, akaniita kwa jina la dadake alokufa.

Mfuko ulikuwa mapajani kwangu. Hivo ndivo marehemu mamangu alivonifundisha, mfuko wa mgonjwa ukae mapajani, na soda ilikuwa ndani yake kwa kazi hiyo hiyo. Nikaifungua huku nawaambia watu ana sukari jamani, ana sukari, nikidhani watanisaidia kumshika. Bwana mmoja siti ya mbele akageuka akaikamata ile chupa mkononi mwangu. "Mama, mtu wa sukari wampa soda? Wataka kumuua?" Na basi zima likamuunga mkono! Huyu asema mpe maji ya ndimu, yule asema mdalasini, mama mmoja ananiangalia kama nimepatikana na sumu. Navuta, avuta, soda yote ikamwagika kwa leso yangu na babako macho yashaanza kwenda.

Na wewe hukumuuliza mtu. Ulikuwa na juisi yako ya boksi ushaitoboa, ukapanda juu ya siti na viatu vyako, ukamtia babako mrija mdomoni ukamwambia "Baba vuta." Akavuta. Akavuta tena. Robo saa haijaisha akauliza mbona basi limesimama.

Mwanangu, mimi nimezaa, nimeoza, nimezika, lakini nikikumbuka ile "Baba vuta" moyo wangu bado waruka. Na yule bwana alishuka Voi, akachukua begi lake, hakunitazama usoni. Hata neno moja la samahani hakusema. Wallahi bado naliona lile shati lake. Mara nasema pengine alidhani anaokoa mtu, hajafunzwa, hata kliniki saa zingine watu waambiwa tu "wacha sukari" na yakomea hapo. Mara nasema la, aliona mwanamke akajua yeye ndo anajua. Babako alimsamehe siku ile ile. Mimi sijui. Mwenyezi Mungu ndo ajuaye nia za watu, nawacha hapo.

Kwa hivo kwenye mfuko wa mapajani, mbali na korosho na mayai, kuna kijimfuko chengine ndani, cha rangi nyengine, hicho si cha njaa. Tia glukosi ya unga ile ya kemisti, boksi za juisi ndogo, na soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari, ile haiokoi mtu. Kimashine kikisoma chini ya 3.9, kile cha mmol/L, au hata hakijasoma na umemuona amekuwa mkali bila sababu na jasho limemtoka, mpe gramu 15 za sukari, yaani kama vijiko 3 vya chai vya glukosi ndani ya maji au juisi nusu glasi, subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Sio chokoleti, mafuta yake huichelewesha sukari. Sio korosho. Ikishapanda ndo mpe kitu cha kumshikilia. Na akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbizeni hospitali, Voi iko na Makindu iko, mumeo azijue kabla hamjatoka.

Na insulini ya chakula, usimdunge mpaka sahani umeiona kwa macho. Sio "tumekaribia Mtito". Karibu ya barabara ile yaweza kuwa masaa matatu. Chupa yenyewe isikae dashibodi wala buti, joto likipita digrii 30 huharibika, wala isigusane na barafu maana ikiganda ndo kwisha, ifunge kwa taulo. Na kumbuka mtoto huyu hapa kwetu hushinda akikimbia na mpira, kwa gari atakaa kitako siku nzima, sukari hupanda bila hata kula. Kwa hivo usimpe vitafunio kwa sababu ya uchovu wa njia. Pima, halafu ndo mfuko.

Sasa nani ashike. Nimewaza sana. Mwanzo nlisema wewe, uache kulala. Halafu nikasema yeye mwenyewe. Ana miaka 9, anajua kujipima, anajua kusoma pakiti kushinda babake. Halafu nikarudi nikasema la, ni mtoto, ataona aibu mbele ya binamu zake, atakula korosho zote kabla ya Mazeras. Lakini mwanangu, wewe ulikuwa mdogo kuliko yeye. Na babako alikuwa mtu mzima, akaona aibu, na aibu ile ilitaka kumuua kati ya watu hamsini. Mtoto akishika mfuko wake mwenyewe, akasema kwa kinywa chake hii juisi ni dawa yangu, hakuna bwana wa kumnyang'anya. Naona ashike yeye. Mapajani mwake. Na wewe ukae kando yake sio mbele, uwe na glukosi ya pili kwa mkoba.

Makindu pale kwa hekalu la Singasinga watu hulishwa bure, heshima yao kubwa, mkisimama mpe chai isiyo na sukari na umwambie mapema kuhusu chapati ili asiione mbele yake akalia. Kisumu kwenyewe sina wasiwasi na ngano, nakwambia kweli, kule ataishi vizuri kuliko hapa, hapa asubuhi mahamri jioni chapati, kule ugali wa mahindi na samaki. Shida ni kiasi tu cha ule ugali, na samaki asipakwe unga. Mpigie mamamkwe wako kabla, mwenyewe, sio mumeo apige. Wanaume husema "hali ngano" halafu wakakata simu.

Kuhusu hii habari ya kwenda kwa gari njia nzima wakati treni iko, mtoto aweza kuinuka akatembea, na mumeo akaleta gari peke yake mkakutana Nairobi, nina neno langu. Lakini hukuniuliza. Umeniuliza vitafunio, na mimi si mama wa kuingilia safari ya mtu na mumewe. Nimelimeza. Ukiniuliza ntasema.

Mumeo apite Alhamisi baada ya magharibi achukue korosho na njugu, na zile chupa za insulini mlizoacha kwa friji yangu msizisahau. Bajia pitieni alfajiri, ntakuwa nishaepua.

Mamako