Mvinyo wa Austria: anza na ramani, lebo baadaye

Ukianza kazi ya kuhudumia mvinyo hotelini na ukakabidhiwa orodha ya Austria, usikimbilie kukariri majina ya Kijerumani. Fungua ramani kwanza. Mashamba ya mizabibu karibu yote yako mashariki, maana magharibi kumeshikwa na milima ya Alpi. Huko mashariki joto huja kutoka uwanda wa Hungaria, na baridi hushuka kutoka kaskazini.

Anzia Wachau, bonde la mto Danube kati ya Melk na Krems. Mchana matuta ya mawe hunyonya jua. Usiku hewa baridi ya misitu ya Waldviertel huteremka bondeni. Jua huijaza zabibu sukari, na ubaridi wa usiku huizuia isipoteze uchachu wake upesi. Ndiyo maana Smaragd, daraja la juu la Wachau lenye kilevi cha kuanzia asilimia 12.5, huwa nzito mdomoni na bado huchangamsha ulimi.

Fanya zoezi hili, tafadhali usiliruke: tafuta chupa mbili za Grüner Veltliner, mvinyo mweupe wa zabibu ya jina hilohilo, za mzalishaji mmoja na za mwaka mmoja, moja ya kijiji cha Spitz, magharibi mwa Wachau kwenye baridi, nyingine ya Loiben, mashariki mwake kwenye joto. Onja ya Spitz kwanza. Kwa kawaida utakuta imekaza, yenye uchachu mkali. Ya Loiben imejaa zaidi, tunda lake limeiva sawasawa.

Ninakopapenda kuliko kote ni ziwa Neusiedl, huko Burgenland. Kina chake hakifiki mita 2. Vuli ikiingia, ukungu hutanda asubuhi, kisha jua la mchana huukausha. Hapo kuvu aina ya Botrytis hutoboa ganda la zabibu, maji yakapotea, sukari na uchachu vikabaki vimekolea. Mji wa Rust umetengeneza mvinyo mtamu wa namna hiyo kwa karne nyingi. Mteja akishtuka kusikia habari za kuvu, mweleze taratibu, kisha mwonjeshe kidogo.

Mkoa wa Steiermark, kusini, una mvua zaidi na miteremko mikali. Sifa yake ni Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe wenye harufu ya majani mabichi.

Halafu soma mwaka wa mavuno kwenye lebo. 2014 ulikuwa wa mvua na baridi, 2015 wa joto. Mteja akilalamika kwamba Grüner aliyokunywa zamani ilikuwa chachu kuliko hii, muulize ilikuwa ya mwaka gani kabla hujamfungulia chupa nyingine.