Maswali na majibu: Kuhamia shamba jipya la mboga kiangazi kinapoisha

Mvua ziko karibu, na maswali ya wanaohama yameongezeka. Nayajibu haya yanayojirudia zaidi.

Shamba jipya nilianze na mbolea gani?

Pima udongo kwanza. Swali hili huletwa kila msimu, na kila msimu muulizaji hajapima. Chota udongo sehemu kama 15 za shamba, kina cha sentimita 15 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha upeleke maabara. Usitumie ndoo ya mabati, inaharibu kipimo cha zinki. Mboga nyingi hustawi pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikiwa kati ya 6 na 7. Ikiwa chini ya hapo utahitaji chokaa, nayo huchukua miezi kufanya kazi, kwa hiyo anayesubiri miche igeuke njano ndipo aulize ameshachelewa.

Udongo wangu wa zamani nimeutunza miaka mingi. Niuhamishe?

Usiuhamishe. Robo ekari kwa kina cha sentimita 15 ni kama mita za ujazo 150, karibu tani 200. Hata ungepewa malori bure ningekukataza, maana udongo uliolimwa mboga mfululizo hubeba minyoo fundo, vijinyoo visivyoonekana kwa macho vinavyovimbisha mizizi, na vimelea vya mnyauko. Kama kabichi zako ziliwahi kuvimba mizizi, ugonjwa ule unaweza kukaa ardhini hata miaka 20. Unahama ili uanze upya, halafu unakwenda na maradhi yako?

Chukua mbegu, vifaa na mipira ya kumwagilia kwa matone. Jembe, buti na trei zioshwe mpaka tope liishe kabisa, ndipo zipigwe dawa. Wengi hukimbilia dawa huku tope limeganda, na dawa haipenyi tope.

Na miche ya nyanya iliyo kitaluni?

Kagua kwanza nyanya kubwa ulizonazo. Ikiwepo iliyonyauka ingali kijani, kata shina, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe zikianza kushuka, huo ni mnyauko bakteria: acha miche yote hapo hapo.

Mwenye shamba anasema kisima hakikauki. Nimwamini?

Nenda ukakione wiki hii. Hakuna wakati kisima kinasema kweli kama mwisho wa kiangazi. Chota maji kwa kiasi utakachomwagilia kwa siku, kisha urudi kesho yake uone kama yamejaa tena.

Lakini kiangazi hicho hicho kinaficha maji yanayotuama. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha jaza tena. Mara ya pili maji yakishuka polepole, yasifikishe sentimita 2.5 kwa saa, jiandae kuinua matuta, au tafuta shamba jingine. Waulize majirani maji husimama wapi mvua zikikolea. Na ingawa hukuuliza: mkataba uwe wa maandishi, useme ni miaka mingapi na nani anamiliki mabomba utakayofukia. Wakulima wengi hurutubisha ardhi ya mtu, ikishanoga wanaambiwa waondoke.

Jirani mpya ananipa samadi bure. Niichukue?

Uliza mifugo imekula nini. Kiuagugu (dawa ya kuua magugu) cha malisho kama aminopiralidi hupita tumboni mwa ng'ombe na kubaki kwenye samadi kikiwa bado kina nguvu. Panda maharage kwenye vikopo vyenye samadi hiyo na udongo. Baada ya wiki tatu majani machanga yakijikunja, irudishe.

Ndago zimejaa. Trekta litazimaliza?

Hapana. Ndago huota kwa vijiazi vilivyo ardhini, na trekta litavitawanya shamba zima.

Nipande eneo lote msimu huu?

Panda nusu. Nusu nyingine ipande marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo: yanaongeza naitrojeni, na minyoo fundo haizaliani vizuri kwenye mizizi yake. Yafyeke yakianza tu kutoa maua, kabla mashina hayajakomaa na kuwa magumu kuoza.