Njia ya miguu mtaani: anzeni na wenye mahindi, majembe baadaye

Mwanangu alikuwa darasa la pili alipopigwa begani na bajaji iliyokuwa ikikwepa shimo. Hakuvunjika, lakini kuanzia siku ile kila asubuhi nilimshika mkono hadi shuleni, nikaona ninavyopishana na wazazi wengine wanaofanya hivyohivyo. Ndipo maneno ya njia yalipoanzia. Hapa kwetu Moshi, chini ya mji, mto unapita nyuma ya nyumba zetu hadi karibu kabisa na shule, na zamani watu walikuwa na kinjia chao pale. Tukaamua kukirudisha: waenda kwa miguu na baiskeli tu.

Nawaambia tulipokosea, kwa sababu najua mitaa mingine inataka kufanya kama sisi.

Tulitangaza msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, kabla ya kuongea na watu. Jumamosi moja tukafika zaidi ya thelathini, majembe na mapanga mkononi, tukamkuta mama mmoja amesimama katikati ya mahindi yake yaliyofika magotini. Akauliza, "Mnapita wapi, baba zangu?" Hakuna aliyejibu. Mwenzetu mmoja alikuwa na nakala ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, akaanza kuifungua. Mzee wetu mmoja akamwambia airudishe mfukoni. Yale mahindi yalikuwa ada ya watoto.

Tukarudi nyumbani, tukasubiri hadi mavuno. Miezi ile yote tulipita shamba kwa shamba, wawili wawili, jioni, bila karatasi. Siku ya kurudi, yule mzee alikuja na miche ya masale. Kwa Mchagga sale ni mpaka, na pia ndilo unalomshikia mtu unapomwomba radhi. Alimkabidhi mama la kwanza yeye mwenyewe, akaomba msamaha kwa niaba yetu sote kwa ile Jumamosi, kisha tukayapanda kando ya njia pamoja naye. Nguzo za mbao tulizoweka sehemu nyingine zimeshang'olewa na kuwa kuni. Masale hakuna aliyeyagusa.

Sheria ile inatubana na sisi pia, msisahau. Usimwage zege ukingoni. Nendeni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi zao zipo hapahapa Moshi, mueleze mnachotaka, na pale njia inapokutana na barabara ya mtaa muwaone TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Sisi tulishindilia udongo na kumwaga changarawe, basi. Makubaliano yote yapitishwe kwenye mkutano mkuu wa mtaa, muhtasari usainiwe na upigwe muhuri, na nakala ikae kwa watu watatu tofauti. Viongozi hubadilika. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 tulilazimika kuanza kueleza upya, na karatasi ile ndiyo iliyotusemea.

Nguzo za kuzuia magari mzipime kwa macho ya anayepita. Tuliziacha karibukaribu, tukajisifu, hadi kijana wa ndizi alipofika na mikungu imening'inia pande zote mbili za baiskeli. Akashuka, akafungua kamba, akavusha mkungu mmoja mmoja, akafunga tena. Dakika kumi na zaidi, na jasho. Tulizing'oa siku ileile. Tukaazima pia baiskeli ya magurudumu matatu ya jirani yetu mlemavu, ikapita kwanza ndipo tukachimba mashimo mapya.

Sasa hapo ndipo penye ugumu: panapopita baiskeli ya ndizi, bodaboda inapita. Hakuna nguzo itakayokusaidia. Tulikwenda kijiweni kwao, tukakaa kwenye benchi lao, tukasikiliza. Walisema usiku wakibeba mgonjwa au mama mjamzito, ile njia inaokoa muda. Ni kweli. Tukakubaliana: mgonjwa ruksa, abiria mwingine hapana, na faini wakajipangia wenyewe. Wanakamatana wao kwa wao.

Maji nayo. Njia yetu ya kwanza tuliisawazisha kama meza, na mvua za Aprili zikachimba mfereji katikati. Ilalie upande wa mto kidogo, na kila baada ya hatua kadhaa pangeni mawe kwa mshazari ili maji yavuke, yasitembee juu ya njia.

Kimebaki kipande kifupi mbele ya daraja. Mwenye shamba anaishi Dar es Salaam, huja Desemba tu na familia yake. Hatujakata hata jani. Watoto wakifika pale wanapanda barabarani, na kila asubuhi wazazi wawili tunasimama kwa zamu kuwavusha.